Jinsi ya kutunza mazingira ukianzia na ndoo yako ya taka

Watu wengi wakisikia habari za mazingira akili inakimbilia kwenye mambo makubwa, barafu inayeyuka, misitu inafyekwa, viwanda vinatoa moshi, alafu mtu anajiona mdogo anaishia kusema sasa mimi nitafanya nini. Na hayo makubwa yapo kweli, mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima, na hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) ambayo kabla ya viwanda ilikuwa kama chembe 280 katika kila chembe milioni za hewa, leo imeshapita 420. Lakini naomba hizo namba uziweke pembeni kidogo uende jikoni ufungue ndoo ya taka uangalie ndani kuna nini. Mimi nasema hapo ndo pa kuanzia, kabla ya kampeni yoyote na kabla ya kununua chochote.

Kwa nini ndoo? Kwa sababu unaijaza kila siku. Mti unaweza kupanda mara moja kwa mwaka ukapiga na picha, ila taka unatoa asubuhi mchana na jioni, na kitu unachokifanya kila siku ndo chenye uzito. Ukiipekua hiyo ndoo utakuta sehemu kubwa ni chakula: maganda, mabaki, mboga zilizonyauka, matunda yaliyooza kabla hayajaliwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kwenye ripoti yake ya 2024 lilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa kama tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho chakula kilitupwa majumbani. Yaani hoteli na maduka na wengine wote ukiwajumlisha hawatufikii sisi wa nyumbani.

Sasa hicho chakula kikifika dampo kinafukiwa chini ya taka nyingine, hewa haipiti, kinaoza bila oksijeni, na kitu kinachooza hivyo kinatoa gesi ya methani. Hii gesi kwa hesabu ya miaka 100 inanasa joto karibu mara 28 kuliko hewa ya ukaa, ukipiga hesabu ya miaka 20 tu inafika kama mara 80. Ila kuna habari njema hapa, methani haikai sana angani, miaka 12 hivi inakuwa imevunjika, kwahiyo tukiipunguza leo unafuu wake tutauona sisi wenyewe, hatuachi kwa vitukuu. Ndo maana nang'ang'ana na maganda.

Hatua ya kwanza ni kutupa kidogo, na hapa sina mengi. Kabla hujaenda kununua fungua friji na kabati uone kilichopo. Ukirudi na vipya vya zamani vivute mbele, vipya vikae nyuma. Pika kinachotosha watu waliopo. Na jifunze kusoma tarehe kwenye pakiti maana zipo za aina mbili na watu wanazichanganya sana, ile ya "tumia kabla ya" inahusu usalama, hiyo iheshimu, lakini "bora kabla ya" inahusu ubora tu, ladha na ulaini, chakula kikavu kilichopita tarehe hiyo kwa siku chache mara nyingi hakina shida yoyote, angalia, nusa, ndo uamue.

Hatua ya pili ni mboji, yaani mbolea inayotokana na maganda na majani yaliyooza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye faida kubwa alafu ndo pale watu wanapojaribu wiki moja wanaacha kwa sababu ya harufu. Harufu ina sababu na ina dawa.

Kama una eneo hata dogo tafuta kona yenye kivuli, chini pawe udongo, pasituame maji. Kama una pipa la zamani litoboe matundu chini na ubavuni. Chini kabisa weka vijiti na matawi membamba ili hewa ipite, alafu ndo uanze kupanga matabaka. Vitu viko vya makundi mawili, vibichi na vikavu. Vibichi ni maganda ya matunda na mboga, majani ya chai, machicha ya kahawa, majani mabichi, samadi ya wanyama wanaokula majani, hivi vina naitrojeni nyingi. Vikavu ni majani yaliyokauka, nyasi kavu, maranda ya mbao ambayo haijapakwa dawa, karatasi na maboksi yaliyochanwachanwa, hivi vina kaboni. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji vyote viwili, na kipimo rahisi ni hiki: kila ukimwaga ndoo moja ya vibichi funika na ndoo mbili au tatu za vikavu. Hiyo kufunika ndo siri ya kila kitu. Mtu akiniambia lundo lake linajaa nzi najua moja kwa moja anamwaga maganda anaondoka, hafuniki.

Unyevu pima kwa mkono. Chukua kiasi cha kujaa kiganja, kamua kwa nguvu, likitoka tone moja au mawili uko sawa. Maji yakichuruzika ongeza vikavu ugeuze, na ikimong'onyoka mkononi kama vumbi nyunyiza maji. Kila baada ya wiki moja au mbili ligeuze kwa koleo au uma, cha pembeni kiende katikati, cha katikati kije nje. Lundo likiwa kubwa, mfano mita moja kila upande, katikati linaweza kufika nyuzi 55 mpaka 65 za joto, chomeka chuma kirefu ukiache dakika kadhaa alafu ukichomoe ushike, utaona kina moto, na moto huo ndo unaua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Lundo dogo halipati joto hilo lakini litaoza tu, ni kusubiri.

Likinuka mayai viza maana yake hewa haimo ndani, geuza na uchanganye vikavu vyenye mashiko kama vijiti au maboksi. Ikiwa ni harufu kali inayochoma pua, vibichi vimezidi, tena ongeza vikavu. Na lundo likikaa tu wiki nzima halishuki wala halina joto basi aidha ni kavu sana au vibichi ni vichache. Hayo ndo matatizo karibu yote ya mboji, hamna uchawi mwingine.

Usiweke nyama, mifupa, samaki, mafuta ya kupikia wala maziwa kwenye lundo la nyumbani, vinaita panya na vinanuka. Kinyesi cha mbwa na paka pia usiweke kabisa, kina vimelea ambavyo lundo dogo haliwezi kuviua. Mimea iliyougua iache pia. Vile vistika vidogo vya plastiki kwenye matunda vitoe kabla, vyenyewe haviozi na utakuja kuvikuta bustanini miaka ijayo viko vilevile.

Ukigeuza vizuri miezi miwili mitatu inatosha, usipogeuza inaweza kwenda mpaka mwaka. Utajua imeiva ikiwa nyeusi, inanukia udongo, na huwezi tena kutambua ganda lilikuwa la nini. Lundo lililokuwa linafika kiunoni litakuwa limeshuka nusu au chini ya hapo. Changanya na udongo wa bustani au tandaza juu kuzunguka mimea. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema sentimita 2 au 3 tu za udongo zinaweza kuchukua mpaka miaka 1,000 kutengenezeka, na mvua moja kubwa kwenye ardhi tupu inaweza kubeba udongo mwingi sana kwa siku moja, kwahiyo kila kikapu cha mboji unachorudisha ardhini kina thamani kuliko kinavyoonekana.

Unaishi ghorofani huna hata futi moja ya udongo? Tumia ndoo mbili, moja imetobolewa chini imekaa ndani ya nyingine inayopokea maji, fuga humo minyoo myekundu ya mboji, walishe maganda kidogo kidogo yaliyokatwa vipande vidogo, weka karatasi zilizolowanishwa juu, na ndoo ikae mbali na jua. Ukiona hilo nalo ni zito, tafuta mtu mwenye bustani au mifugo mpelekee maganda. Bado umeyaepusha na dampo.

Ukishatoa chakula kwenye ndoo utashangaa kinachobaki ni kikavu, hakinuki, na karibu chote ni plastiki. Hapa nataka niwe wazi, maana watu wamefarijiwa sana na ile alama ya kurejeleza, mishale mitatu ya pembetatu inayoandikwa chini ya chupa. Watafiti waliopiga hesabu ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani mpaka mwaka 2015 walikuta ni asilimia 9 tu ndo zilirejelezwa, yaani zilitengenezwa kuwa vitu vipya, asilimia 12 zilichomwa, zilizobaki zote ziko madampo na porini na baharini. Na kila mwaka zinatengenezwa tani zaidi ya milioni 400 mpya. Kwahiyo kurejeleza fanya, ila usiichukulie kama ruhusa ya kununua zaidi. La kwanza ni kukataa usichohitaji. Beba mfuko wako wa kitambaa au kikapu, beba chupa yako ya maji, mrija ukikuhusu kwa sababu za kiafya tumia na kama haukuhusu sema mapema kabla hawajakuletea. Mfuko wa nailoni uliokwisha kuingia kwako utumie mpaka uchanike.

Ya kurejeleza yasuuze. Hii inadharauliwa lakini chupa yenye mabaki ya mafuta au mtindi inachafua zile karatasi na chupa safi ulizoziweka pamoja, na mzigo mchafu mara nyingi mnunuzi anaukataa wote. Suuza kwa maji uliyooshea vyombo, huhitaji maji safi, kausha, minya, tenganisha na makopo. Wale wanaookota chupa mitaani wanafanya kazi kubwa kuliko tunavyowapa heshima, ukimpa mtu mzigo umetenganishwa na ni msafi umemwongezea kipato na umemwepusha kukatwa mikono na vioo.

Nailoni nyepesi zina balaa lingine, mitaro. Bangladesh ndo ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002, baada ya kugundulika kuwa ilichangia kuziba mitaro wakati wa mafuriko makubwa. Rwanda ikafuata 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Hizo sheria zimesaidia, lakini pakiti ndogo ndogo za bidhaa hazikuondoka na mvua ikija zinaenda kukusanyika palepale kwenye wavu wa mtaro. Wiki moja kabla ya msimu wa mvua mkiwa watu wachache mkatoa uchafu kwenye mtaro unaopita kwenu mkauweka mbali na ukingo, mmezuia maji machafu kuingia nyumba za watu. Ila vaeni glovu na viatu vya kufunika, na msiuache pembeni ya mtaro maana utarudi humohumo.

Na tafadhali, tafadhali sana, usichome plastiki. Najua sehemu nyingi gari la taka halipiti na mtu anaona kiberiti ndo suluhisho. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuunguza plastiki ikaisha, inatoa masizi na sumu, na zile zenye klorini kama mabomba ya PVC na ngozi bandia zinatoa dayoksini, sumu inayokaa mwilini miaka na inahusishwa na saratani. Anayevuta wa kwanza ni mtoto anayecheza hapo karibu. Majivu yake nayo usiyatie bustanini. Kama hamna gari kabisa, bora plastiki kavu na safi zikae zimebanwa kwenye gunia mpaka ipatikane njia ya kuzipeleka, na ukishatoa chakula kwenye taka utaona gunia halijai haraka na halinuki.

Kuna taka ndogo ambazo kwa uzito si kitu ila kwa sumu zinazidi zingine zote. Betri, simu mbovu, taa zile za mrija zenye zebaki, dawa zilizoisha muda, oili chafu ya injini. Tafuta boksi moja gumu, liweke juu watoto wasifikie, kusanya humo. Betri za lithiamu, zile za simu na za kuchaji, ziwekee gundi ya karatasi au selotepu kwenye ncha zake ili zisigusane zikawaka, na ikiwa imevimba usiitoboe wala usiichaji tena. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na chini ya robo ndo zilithibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri. Uliza maduka ya simu na mafundi kama wanapokea, wengi wanataka vipuri. Oili chafu irudishe kwenye chupa yake mpeleke fundi gereji, usimwage mtaroni wala ardhini maana inafika kwenye maji ya kisima. Dawa uliza duka la dawa au hospitali, usimwage chooni.

Hapohapo kwenye vifaa kuna kitu hakisemwi kabisa, gesi ya friji na kiyoyozi. Gesi nyingi zinazotumika kwenye mashine za kawaida zinanasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Fundi akija kutengeneza akakata bomba ile shiii unayoisikia ndo gesi inaenda zake angani. Mwambie kabla hajaanza kwamba unataka aivute aihifadhi kwenye mtungi, fundi aliyesoma ana mashine ya kufanya hivyo. Na kama anakuja kukuongezea gesi kila mwaka basi kuna tundu, atafute tundu kwanza. Tunajua hili linawezekana kwa sababu gesi za zamani zilizokuwa zinatoboa tabaka la ozoni zilidhibitiwa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 na ozoni inaendelea kupona.

Miti sasa. Mingi inayopandwa inakufa, na mara nyingi ni uzembe wa mwanzoni tu. Mtu anachukua mche na kiriba chake cha nailoni anakifukia hivyohivyo, mizizi inazunguka humo humo mpaka inajinyonga. Chana kiriba ukitoe chote, ukikuta mizizi imejizungusha chini ifungue taratibu kwa vidole, iliyojikunja sana ikate ncha. Shimo liwe pana angalau mara mbili ya kiriba, udongo wa juu uweke upande wake maana ndo wenye rutuba, uchanganye na ile mboji yako. Mche ukae kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, usiufukie shingo. Shindilia kwa mikono, mwagilia, tandaza majani makavu kuzunguka ila acha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina lisije kuoza. Panda mvua zikianza, sio zikiisha. Na chagua mti wa asili ya eneo, ndege na nyuki wanaujua. Mikaratusi inakunywa maji mengi, karibu na chemchemi usiiweke. Bora miti miwili unayoihudumia mpaka ikasimama yenyewe kuliko hamsini ya siku ya sherehe.

Nimetaja nyuki, basi niongeze: karibu robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani zinategemea kwa kiasi fulani wachavushaji. Ukilazimika kupuliza dawa ya wadudu puliza jioni nyuki wakiwa wamerudi, usipulize kwenye maua, na usizidishe kipimo ukidhani ndo itafanya kazi zaidi.

Maji na umeme nitapita haraka. Bomba linalotoa tone moja kila sekunde linapoteza zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, na mara nyingi tatizo ni kiraba kidogo tu cha ndani, kibadilishe leo. Balbu ikiungua weka ya LED, inatumia umeme kama robo ya ile ya zamani. Funika sufuria unapopika. Anayepikia kuni azikaushe vizuri na atumie jiko banifu sehemu yenye hewa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, moshi wa ndani ya nyumba uliua watu kama milioni 3.2 mwaka 2020, kwahiyo hapo unaokoa msitu na kifua cha mpishi kwa pamoja.

La mwisho ni yale usiyoyaweza peke yako, mfano kiwanda kinamwaga maji machafu mtoni, au gari la taka halijaonekana mwezi mzima. Kulalamika kwenye grupu la whatsapp hakufiki popote. Piga picha zinazoonesha mahali panapotambulika, andika tarehe na saa kwa kila picha, fanya hivyo siku tofauti ionekane ni jambo la kujirudia. Andikeni barua fupi kwenda manispaa au halmashauri na nakala kwa mamlaka ya mazingira, ukurasa mmoja tu, semeni mmeona nini, wapi, lini, na mnaomba kifanyike nini, watu wasaini na kuandika wanapoishi. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe urudi nayo. Wiki mbili zikipita kimya, rudi na hiyo yenye muhuri uulize faili liko kwa nani.